Asilimia Moja, Nchi Mbili



Katika mikutano yenu swali moja hurudi mara kwa mara: ni nchi ipi yenye utawala bora, ili nasi tuuige? Wengine hutaja Ulaya. Wengine husifu kiongozi mwenye mkono wa chuma, popote alipo. Sisi tuliozeeka na chaki mkononi twapenda kuanza na hesabu, maana hesabu haina chama.

Hesabu yenyewe ni asilimia 38,57. Ndiyo aliyotangaziwa Félix Tshisekedi kwetu Kongo baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Mwezi Mei 2019, tume ya uchaguzi ya Malawi ilimtangaza Peter Mutharika kuwa mshindi kwa asilimia ile ile, 38,57. Katika nchi zote mbili, wapiga kura sita katika kila kumi walikuwa wamewachagua wengine.

Kwetu hesabu hiyo ilitosha. Katiba ya mwaka 2006 ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, na ndiyo maana mwaka ule tulipiga kura mara mbili, Julai na Oktoba. Lakini Januari 2011 Katiba ilibadilishwa: duru moja tu, na mwenye kura nyingi kuliko wengine anashinda. Maaskofu wetu walisema kwamba matokeo ya 2018 hayakulingana na yale yaliyokusanywa na waangalizi wao. Martin Fayulu alishtaki. Mahakama ya Katiba ikalikataa shtaka lake.

Malawi hesabu hiyo haikutosha. Wananchi waliandamana kwa miezi. Majaji watano walisikiliza ushahidi, wakaonyeshwa karatasi za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Tajiri mmoja wa benki alijaribu kuwahonga. Jambo hilo likatolewa taarifa, naye akahukumiwa mwaka 2021. Tarehe 3 Februari 2020 majaji waliufuta uchaguzi na kuamua kwamba neno «wengi» katika sheria yao maana yake ni zaidi ya nusu. Kura zikarudiwa mwezi Juni, akashinda Lazarus Chakwera. Mwaka 2025 Chakwera naye alishindwa na Mutharika yule yule, akakubali kushindwa.

Tusijidanganye kwamba Malawi ni paradiso. Ni nchi maskini, na kura haiwekwi chunguni. Tena kuna hoja nzito: duru ya pili ni gharama kubwa katika nchi pana kama yetu, yenye barabara chache. Hoja hiyo ilitolewa mwaka 2011, nasi hatuidharau. Lakini mtawala ambaye wengi hawakumchagua ana gharama yake pia, na hiyo hulipwa na raia, si na hazina ya serikali.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Sheria ni muhimu: nusu ya kura na theluthi ya kura si kitu kimoja. Lakini sheria ya Malawi isingejitetea yenyewe. Ilihitaji majaji waliokataa hongo, wananchi wasiochoka, na mshindwa aliyejua kuondoka. Anayetaka kuiga mfumo wa nchi nyingine aige na watu hao; la sivyo ataazima kanzu bila mwili wa kuivaa.

Basi, mnapolinganisha serikali za mataifa, acheni kuuliza ni ipi inayong'aa. Ulizeni: mshindi anahitaji kura ngapi? Nani anazihesabu, na mbele ya nani? Nani anaweza kumwambia mkubwa «hapana», kisha akalala nyumbani kwake salama?

Na yaulizeni kwanza karibu nanyi. Mwaka huu baadhi ya vikundi vyenu vitachagua kamati mpya. Tumeona kura za vijana zikihesabiwa chumbani, mlango umefungwa, na mwenyekiti wa zamani akikaa na daftari la fedha miezi baada ya kushindwa. Andikeni kanuni zenu kabla ya kuwajua wagombea. Hesabuni mbele ya wote. Na atakayeshindwa akabidhi daftari siku ile ile.