Tukienda milimani, tusilale kwenye njia ya maji

Kila inapoingia miezi ya baridi, kuanzia Novemba hadi Machi, Waswahili wa Oman huanza kuulizana: safari hii tupige kambi wapi? Jabal Shams, Jabal Akhdar, au kwenye mabonde ya Sharqiyah? Jamaa wa Unguja, Mombasa, Dubai na London nao hupanga likizo zao zikutane na safari hiyo. Mahema hutolewa stoo, nyama ya mishkaki hutiwa viungo tangu usiku, na msafara wa gari huondoka Masikati alfajiri. Ni mila nzuri, na hatuandiki leo kuipinga. Watoto waliozaliwa ughaibuni huonana na binamu zao na kusikia Kiswahili cha bibi zao.

Tunaloliandikia ni namna tunavyochagua mahali pa kulala. Mara nyingi mchaguzi ni yule mwenye sauti kubwa au gari kubwa, na anachotaka ni vitu vitatu: pawe tambarare, pawe na kivuli, na gari ifike mpaka mlangoni pa hema. Sasa, milima ya Hajar ni mawe matupu. Mahali penye sifa zote tatu, mara nyingi ni ndani ya wadi, yaani bonde la mto uliokauka. Tunafurahia mchanga laini bila ya kujiuliza nani aliyeuleta pale. Uliletwa na maji, na maji hayo siku moja hurudi.

Wengi wetu tumekulia Pwani, ambako mvua huonekana ikija na ardhi huinywa. Huku sivyo. Mlima wa mawe haunywi maji. Mvua ikinyesha kileleni, yote huteremka bondeni kwa pamoja, yakiburura mawe na miti. Aliye chini, masafa ya kilomita nyingi, huenda juu yake mbingu ni nyeupe na nyota zinaonekana. Maji humkuta usingizini.

Hatusemi haya kwa kutishana. Aprili 2024, mvua kubwa ziliikumba Oman na zaidi ya watu 15 wakafariki, wakiwemo wanafunzi wa Al Mudhaibi, huko Sharqiyah, ambao gari yao ilichukuliwa na maji ya wadi. Wako miongoni mwetu wenye asili ya wilaya zile zile, na msiba ule uliliwa matanga hadi Zanzibar. Kenya nako, Aprili 2012, vijana 7 waliokuwa katika ziara ya kanisa walikufa maji ndani ya korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, na Septemba 2019 maji yakaua tena mahali pale pale.

Wala tusidhani kuwa kambi yenye kibali na uzio ndiyo salama. Tarehe 7 Agosti 1996, huko Biescas kwenye milima ya Pyrenees nchini Hispania, mafuriko yaliifuta kambi ya watalii yenye kibali cha serikali na kuua watu 87. Kambi ilikuwa imewekwa pale ambapo genge la mlimani humwaga maji na mawe yake. Na tarehe 4 Julai 2025, katika jimbo la Texas, Marekani, mto Guadalupe ulifurika usiku na kuua wasichana na walezi wao 27 wa kambi ya Camp Mystic peke yake, mbali na wengine wengi. Ilikuwa ni kambi ya siku nyingi, na wazazi waliwapeleka watoto wao kwa imani.

Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe wapi pazuri, bali maji yanapita wapi, na katika msimu upi. Mvua za baridi katika Hajar kwa kawaida huja na mawingu mapana, na watabiri hutoa tahadhari mapema. Wakati wa kiangazi, mawingu hujikusanya mlimani mchana na kumwaga jioni ile ile, bonde hili likalowa na la pili likabaki kavu. Tena kuna vimbunga vya Bahari ya Arabu, ambavyo hupiga zaidi Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Gonu ilikuja Juni 2007. Shaheen ikaja Oktoba 2021. Mahali palipotufaa Disemba huenda pasifae kabisa Juni.

Anayetaka kambi ya kiangazi basi na apande juu hasa, kwenye uwanda wa Sayq huko Jabal Akhdar, kiasi cha mita 2,000, ambako hewa ni ya afadhali wakati Masikati inapita nyuzi 40. Lakini ajue kuwa polisi wa Birkat al Mouz hawaruhusu kupanda ila gari zinazovuta magurudumu yote manne. Na anayekwenda Jabal Shams wakati wa baridi achukue mablanketi ya kutosha, kwani usiku huweza kushuka chini ya sifuri.

Dalili za njia ya maji ziko wazi kwa anayetaka kuziona: takataka na majani makavu yaliyonasa juu ya matawi, mstari wa maji kwenye kuta za miamba, mawe ya duara yaliyosuguliwa. Ukiviona hivyo juu ya kichwa chako, ondoka. Tafuta kingo iliyoinuka, yenye njia ya kutokea bila ya kuvuka wadi. Kisha muulize mzee wa kijiji cha karibu. Watu wale wamejenga nyumba zao juu na kuacha mitende bondeni, na hawakufanya hivyo kwa bahati. Ukimsalimia na kumuomba ruhusa, atakuonyesha pia falaji yake ilipo, usije ukaoshea vyombo maji wanayonywa na kumwagilia mashamba.

Kwa jumuiya zetu zinazopanga safari hizi, pamoja na madrasa zinazochukua watoto, tuna ombi moja. Mteueni mtu mmodja kabla ya safari, asiye na haya ya kukatisha starehe, apewe kazi ya kusoma tahadhari za hali ya hewa na haki ya kusema, "Leo hatulali hapa." Akishasema, asibishiwe na mzee wala kijana, hata kama mkaa umeshakolea. Kuhamisha mahema usiku ni udhia wa saa moja tu. Wahenga walisema hadhari kabla ya hatari, na watoto tunaowapeleka milimani hawajichagulii pa kulala; tunawachagulia sisi.