Jicho Kavu Linalotoa Machozi

Likizo ndefu ya vyuo vikuu inapofika, mabasi ya kutoka Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam hutushushia vijana wetu Tarime mjini, Sirari na Mugumu. Wazazi huwapokea kwa furaha, kisha baada ya siku mbili tatu minong'ono huanza: mbona macho ya mtoto yamekuwa mekundu, mbona anayafikicha kila mara? Katika Tarime yetu, ambako kilimo cha bangi hakijafichika kwa mtu, dhana hukimbilia huko upesi. Wengine, wakikumbuka mlipuko wa macho mekundu ulioripotiwa nchini Januari 2024, humtengea taulo lake. Kumdhania mwana jambo zito kama bangi kabla ya kumuuliza ni dhuluma, na nyumba kadhaa zimeingia fitina kwa sababu hiyo.

Ndugu mzazi, muulize kwanza anakaa na kioo cha simu au kipakatalishi kwa saa ngapi. Wanafunzi wengi husomea humo, huandikia humo na kustarehe humo, tena usiku wa manane, kwa kuwa bando la usiku ni nafuu.

Jicho lenye afya limefunikwa na utando wa machozi: ute upande wa ndani, maji katikati na mafuta juu. Mafuta hayo hutoka katika vijitezi vya kingo za kope, nayo huyazuia maji yasikauke. Kila tunapopepesa, kope huutandaza utando huo upya. Mtu aliye katika mazungumzo hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika. Akikazia kioo, idadi huweza kushuka hadi mara 5 au 7, na mara nyingi kope hazifungi hadi mwisho. Utando hukatika, jicho huwaka na kukwaruza kana kwamba limeingia mchanga. Hapo ubongo huiamuru tezi ya machozi imwage maji kwa wingi. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, hayakai. Humwagika shavuni na kuliacha jicho na kiu ileile. Ndiyo maana jicho kavu hulia. Dalili nyingine ni maandishi kufifia, kisha kurudi mtu akipepesa. Vumbi la kiangazi na moshi wa kuni huzidisha adha.

Linalotutia hofu zaidi ni matone yanayonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Baadhi yana dawa ya jamii ya steroidi: wekundu huondoka haraka, kijana akafurahi na kuendelea nayo miezi. Dawa hiyo ikitumiwa kiholela huweza kuleta presha ya macho, ambayo huua mshipa wa kuonea polepole bila maumivu, na pia mtoto wa jicho. Kilichoharibika katika mshipa huo hakirudi. Ama miwani inayonadiwa kuwa inazuia mwanga wa buluu, mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho. Fedha hiyo bora ilipe nauli.

Kila dakika 20, kijana atazame kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20, na apepese kwa ukamilifu. Kioo kiwe chini kidogo ya usawa wa macho, feni isimpulize usoni. Kitambaa safi cha maji ya vuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, kwa dakika 5 hadi 10, hulainisha mafuta yaliyoganda. Yapo pia matone ya kulainisha tu yasiyo na steroidi. Mtaalamu wa macho atamwelekeza. Aliyefunga asiyaogope: katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, tone la jichoni halibatilishi swaumu.

Lakini maumivu makali, usaha, kuogopa mwanga au kupungua kwa nguvu ya kuona, hayo si ya kusubiri likizo iishe. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.