Kivuli, mwezi na bamvua: sayansi ya watoto wetu ianzie uwanjani mwa msikiti



Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Kuanzia saa 2 na nusu usiku kwa saa zetu, kivuli cha ardhi kiliufunika mwezi mzima kwa muda wa dakika 82, ukageuka rangi nyekundu. Waliosali swala ya khusuf walisali, na waliopiga picha kwa simu walipiga. Watoto nao waliuliza: mwezi umekwenda wapi, na kwa nini umekuwa mwekundu? Katika majumba mengi jibu lilikuwa fupi: "Ni kudra ya Mungu, ingia ndani ulale." Kudra ya Mungu ni kweli tupu. Kumpeleka mtoto kulala ndiko tunakotaka kukujadili.

Mwaka 2027, Inshaallah, tutakuwa na nafasi kubwa zaidi. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Njia ya kivuli kamili itapita Afrika ya Kaskazini, Misri na Saudi Arabia, ikiwemo Jeddah na Makka yenyewe, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor, Misri, giza litazidi dakika 6. Huku visiwani jua litafunikwa sehemu tu, wakati wa mchana. Tukijiandaa, mtoto wa Unguja na wa Pemba atatoka siku hiyo na swala, na elimu ambayo hataisahau. Tusipojiandaa, atatoka na picha ya simu, au, Allah atuepushe, na jicho lililoungua.

Hali ilivyo

Tusema kweli: watoto wetu wengi wanaiogopa sayansi. Wanaikuta ubaoni, wanainakili daftarini, wanaikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukipita nayo inapita. Lugha nayo imeongeza mzigo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto aliyekuwa akiuliza kila kitu kwa Kiswahili anafika umri wa miaka kumi na kitu, anaogopa kuuliza kwa sababu hana maneno.

Huku nje mambo hayasubiri. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu 1978. Mwaka 2023 IIT Madras ya India ilifungua tawi Bweleo, tawi la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India, likisomesha sayansi ya data na akili bandia. Kila siku tunasikia uchumi wa buluu. Milango imewekwa mbele ya nyumba zetu. Suali ni nani atakayeingia: watoto wa visiwani, au watoto wa wengine huku wetu wakilinda geti?

Yapo maonesho mazuri. Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, yamekuwa yakiwakusanya wanafunzi wa sekondari na kazi zao za utafiti. Tunayapongeza. Lakini huko hufika wachache waliokwisha kuchaguliwa, nao wako sekondari. Mtoto wa darasa la tatu wa Micheweni au Kizimkazi hafiki, na umri wake ndio umri wa kuuliza. Kwa huyu inatakiwa sayansi imfuate mtaani kwake, kwa lugha yake, mbele ya watu anaowajua.

Tunavyo tayari

Rai yetu ni hii: hatuna haja ya kungoja mfadhili wala jengo. Dini yetu na bahari yetu zimetuwekea nyakati za kutazama mbingu na ardhi mwaka mzima. Kinachokosekana ni kuwaita watoto, kuwapa kitu mkononi, na kuwaacha wapime wenyewe. Tutaje manne.

La kwanza ni kivuli. Chomeka kijiti kilichonyooka uwanjani, wape watoto chaki au vijiwe, waweke alama ya ncha ya kivuli kila nusu saa kuanzia asubuhi. Wataona kinafupika, kinafika ukomo wake, kisha kinaanza kurefuka upande wa pili. Hapo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Waendelee mpaka kivuli kiwe sawa na urefu wa kijiti ukiongeza kile kivuli cha mchana. Hiyo ni Alasiri. Mtoto aliyefanya hivi mara moja anafahamu kwamba ratiba ya swala iliyobandikwa ukutani imetokana na mwendo wa jua. Mwanzoni mwa Machi, na tena ndani ya siku kumi za mwanzo za Oktoba, jua hupita juu ya vichwa vyetu kabisa na kivuli cha kijiti karibu kinapotea. Waulizeni kwa nini, msiwahi kuwajibu.

Kijiti hicho hicho kinaonesha Qibla. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba sawasawa. Saa zetu na za Makka ni moja. Wakati huo, mstari unaotoka ncha ya kivuli kwenda kwenye kijiti unaelekea Makka. Watoto wa visiwani wataona jambo la kupendeza: Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja. Kisha walinganishe na dira ya simu, waone nayo inavyokosea ikiwekwa karibu na chuma. Tunatahadharisha: zoezi hili ni la kujifunza. Lisifanywe sababu ya kugombana juu ya mihrabu. Kwa kauli ya wanachuoni walio wengi, mkengeuko mdogo kwa aliye mbali na Makka haubatilishi swala, na lenye shaka lipelekwe kwa wahusika.

La pili ni mwezi. Katika Surat Yunus, aya ya 5, Allah (S.W.) anatufahamisha kwamba mwezi umepangiwa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Visiwani watu huangalia mwezi Shaabani na Ramadhani, na mara nyingi wanaoangalia ni wazee. Tuwachukue watoto ufukweni jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi. Wajue wapi jua linazama, wajue mwezi mchanga hautafutwi mashariki, na waone unavyolala kama ngalawa kwa sababu tuko karibu na ikweta. Siku zinazofuata waandike saa unapozama. Wataona kila siku unachelewa kwa wastani wa dakika 50. Hatuingii hapa katika khilafu za mwandamo, na kutangaza mwezi si kazi ya watoto wala yetu. Lakini kijana aliyewahi kuutafuta mwezi kwa macho yake miezi kumi na miwili atazisikiliza khilafu hizo kwa adabu na fahamu zaidi kuliko anayezipata kwenye makundi ya simu.

La tatu ni bahari. Kila mvuvi na kila mama anayelima mwani anajua bamvua na maji mafu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Pigeni nguzo yenye alama za rangi penye usalama, watoto waandike maji yamefika wapi na saa ngapi. Baada ya wiki mbili waleteni pamoja na daftari lao la mwezi. Watakuta maji nayo huchelewa kwa takriban dakika 50 kwa siku, na bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye. Hakuna mwalimu aliyewaambia. Wamelikuta wenyewe, kwa hesabu ya mikono yao. Furaha ya mtoto wakati huo ndiyo inayomfungulia hamu ya sayansi, na inagharimu daftari na penseli.

Hapa wakalishwe wazee wao wawe walimu. Nakhodha aeleze kaskazi na kusi. Mama wa Paje aeleze mwani uliokuwa ukistawi tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989, na namna ule wa cottonii unavyokufa maji yanapopata moto. Kwa mtoto, mabadiliko ya tabianchi yatakuwa habari ya kipato cha bibi yake.

La nne ni kupatwa kwa jua na mwezi, na hili lina historia katika dini yetu kuliko yote.

Fundisho la siku aliyofariki Ibrahim

Siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume (S.A.W.), naye ni baba mwenye majonzi, hakuiacha kauli hiyo ipite ingawa ilionekana kumtukuza. Kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, alibainisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na akaamrisha swala na dua. Katika tukio moja amefunga mlango wa ushirikina na amefungua mlango wa ibada. Mzazi anayehofu kwamba kumweleza mtoto mpangilio wa jua, mwezi na ardhi kutampunguzia imani, azingatie hadithi hii.

Wanawake pia walikuwepo. Imepokewa kwamba Asmaa bint Abi Bakr alimkuta dada yake Bibi Aisha akiswali pamoja na watu siku ya kupatwa jua, akamuuliza kuna nini, naye akaashiria mbinguni. Basi binti zetu wasiachwe majumbani siku hizo. Wapangiwe nafasi yao yenye stara, na vifaa sawa na vya kaka zao.

Karne nne baadaye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefia Cairo, aliandika risala mahsusi juu ya sura ya kupatwa jua, akieleza kwa nini mwanga wake ukipita kwenye tundu dogo unachora hilali. Watoto wetu wanaweza kulirudia jaribio hilo kwa boksi la viatu, kipande cha foili, sindano na karatasi nyeupe. Mtoto aupe jua mgongo, mwanga uingie tunduni, atazame karatasi. Chini ya mwembe, au ndani ya banda lenye makuti yaliyotoboka, atakuta sakafuni hilali nyingi, kila tundu na yake.

Macho ni amana. Jua lisitazamwe kwa macho matupu, wala kwa miwani ya jua ya kawaida, picha ya eksirei, CD, au ndani ya beseni la maji. Miwani inayofaa ni ile maalumu ya kupatwa jua yenye kiwango cha ISO 12312-2. Kwa wasioipata, boksi linatosha. Swala ipewe haki yake kwanza, kwa khushui, na tukio lisigeuzwe tamasha la muziki.

Masuali yanayoulizwa

Je, falaki si haramu? Neno hili limeharibiwa na wapiga ramli. Wanachuoni, akiwemo Ibn Rajab al-Hanbali, walitenganisha mambo mawili. Kudai nyota zinaleta bahati, ndoa au maradhi ni haramu. Kujua mwendo wake kwa ajili ya Qibla, nyakati na njia ni jambo linaloruhusiwa. Mtoto aliyepima kivuli kwa mkono wake ni vigumu kudanganywa na mganga.

Je, muda uko wapi? Skuli asubuhi, chuo mchana, tuisheni jioni. Ndio maana tunasema tusiongeze siku. Jioni moja ya mwezi baada ya Alasiri, chuo kihamie ufukweni. Dakika tano za kijiti kabla ya adhana ya Adhuhuri zinatosha kuanzia.

Je, maustadhi wetu wanaijua sayansi? Si lazima wajue yote. Mitaa yetu ina walimu wa fizikia, wauguzi, mafundi na wanafunzi wa SUZA waliorudi likizo. Kamati ya msikiti iwaite, ustadh asimamie adabu na upande wa dini. Wala hatuna haja ya kulazimisha kila aya iwe somo la fizikia. Qur'ani, kama katika Surat al-Ghashiya, inatuita kutazama ngamia, mbingu, milima na ardhi. Tutazame basi, kwa ukweli na unyenyekevu.

Tunapendekeza

Kila kamati ya msikiti na madrasa ichague mtu mmoja wa kusimamia jambo hili, mwanamme au mwanamke. Mwaka huu ianze na kijiti na daftari la mwezi. Ifikapo Mei na Julai ifanye zoezi la Qibla. Kabla ya Agosti 2027 kila mtoto awe ameshatengeneza boksi lake na ameshafundishwa namna ya swala ya kusuf. Pemba isingoje Unguja, na shamba lisingoje mjini. Mwezi unaonekana vizuri zaidi pasipo na taa.

Mtoto anapouliza mwezi umekwenda wapi, anagonga mlango. Tumfungulie.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, awalinde macho na nyoyo zao, na awafanye miongoni mwa wanaozitafakari ishara Zake. Amin. Wa billahi tawfiq.