Kraki siyo bure, wadau: bili ya Windows 10 imefika Kwa Mathias

Leo naomba tuweke siasa na usajili wa Simba na Yanga pembeni kidogo, tuongelee hizi mashine tunazokaa mbele yake kila siku. Kuna bili imekuja na wengi wetu hatujaiona.

Juzi kati nilikuwa kwenye steshenari moja hapa Kwa Mathias, Kibaha, jirani na barabara ya Morogoro. Jina lake naliacha, maana kosa lake ni kosa letu sote. Mashine sita, printa mbili, foleni mpaka mlangoni. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikuwa anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Vyeti vyake alishaviskani jana yake na kuviweka kwenye flashi. Anachomeka flashi, anakuta kila folda imegeuka kialama chenye mshale. Anabofya, hakuna kitu. Dogo wa kaunta akamwambia, "Pole dada, hicho ni kirusi tu. Skani upya." Kuskani upya ni hela, na binti alibaki na nauli ya kumrudisha Mlandizi. Machozi yakaanza kumlenga.

Nikaomba ile flashi nikaichomeka kwenye laptopu yangu, ambayo inatumia Linux. Faili zote zilikuwepo. Kile kirusi hakikuwa kimezifuta, kilikuwa kimezificha tu ili Windows isizioneshe. Tukazituma kwenye barua pepe yake, akamaliza maombi, akaondoka anacheka.

Mimi sikucheka. Nilimuuliza yule dogo, "Mdogo wangu, hizi mashine zina leseni?" Akanishangaa. "Bro, nani Bongo ananunua Windows? Fundi anakuja na flashi yake, unampa elfu kumi, anakupigia windo na Office na kila kitu."

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Tumezoea kubishana kama Windows ni bora kuliko Linux, au kinyume chake, kama vile tulikaa chini tukachagua. Hatujawahi kuchagua. Kraki ndiyo iliyotuchagulia.

BILI YENYEWE

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine haizimiki siku hiyo, inawaka kama kawaida. Kinachokoma ni masasisho ya bure ya usalama, yale yanayoziba matundu ambayo wezi huyagundua kila mwezi. Ukitaka kwenda Windows 11, ambayo ilitoka Oktoba 2021, mashine yako lazima iwe na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa sehemu kubwa iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Sasa jiulize, hizi mashine zetu za mtumba zilizokuja na kontena ni za kizazi cha ngapi? Mafundi wana njia ya kuilazimisha Windows 11 iingie, lakini Microsoft yenyewe imesema mashine ya namna hiyo haina uhakika wa kupata masasisho.

Walitoa pia njia ya kununua muda. Kwa mashine ya mtu binafsi, mwaka mmoja wa ziada hadi Oktoba 2026 kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kuunganisha mipangilio ya mashine na akaunti yao. Kwa mashine ya biashara, na steshenari ni biashara, bei ilitangazwa dola 61 kwa mashine kwa mwaka wa kwanza, halafu inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mashine sita ni dola 366, takribani shilingi laki tisa za kwetu. Tuseme unaprinti kwa shilingi 200 ukurasa. Hizo ni kurasa 4,500 za kuilipa Microsoft tu, hujagusa karatasi, wino, umeme wala pango.

Na sikilizeni hii. Wateja wa kawaida wa nchi za Ulaya walipewa ule mwaka wa ziada bila kulipa na bila masharti yale ya wengine, baada ya vyama vyao vya watumiaji kupiga kelele mwaka 2025. Sisi je? Sisi hatuna hata mdomo wa kulalamika, maana huwezi kudai haki ya huduma ambayo hukuilipia.

GATES ALISHASEMA

Kuna watu wanaamini kraki ni ushindi wetu dhidi ya matajiri. Jamani. Mwaka 1998 Bill Gates, akiwa na Warren Buffett mbele ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington, alizungumzia China ambako mamilioni ya kompyuta ziliuzwa na watu hawalipii programu. Hakuonekana kuogopa. Alisema kwamba ikiwa wataiba, basi heri waibe za kwetu. Watanogewa, halafu siku moja tutajua namna ya kuwadai.

Kwa maneno mengine, mwizi wa leo ni mteja wa kesho. Kijana akijifunza Word ya wizi, akiajiriwa ofisi ya serikali au benki ataomba Word, na ofisi hiyo italipa. Mafundi wetu wa elfu kumi wamekuwa mawakala wa mauzo wasiolipwa kamisheni.

Na wengine mtandaoni wanajua hilo. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ya Marekani ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, ile ile ambayo mafundi wengi huitumia "kuamsha" Windows, zilivyofungwa pamoja na programu ya kuiba nywila. Kraki ni kama kujiunganishia umeme usiku kwenye nguzo. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini nyumba ikishika moto utampigia nani simu? Na kwenye mashine hizo ndipo tunapoandika namba za NIDA, nywila za Ajira Portal na akaunti za mkopo. Kisheria pia tunajidanganya, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta sawa na kitabu au wimbo.

HURIA NI KITU KINGINE

Programu miliki ni kama chumba cha kupanga. Unalipa, unakaa, ila mwenye nyumba ndiye anayeamua lini abadilishe kitasa. Programu huria ni tofauti: msimbo wake uko wazi, una ruhusa ya kuutumia, kuusoma, kuurekebisha na kuugawa kwa mwenzako. Wazo hili lilianza kupigiwa debe na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1983, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa kiini cha Linux. Kraki ni ya bure bila uhuru. Huria ni uhuru, na mara nyingi bure inakuja kama nyongeza. Tukichanganya hivi viwili tumepotea.

TULIWAHI KUWA NAYO YA KISWAHILI

Wengi wenu mlikuwa wadogo au hamjazaliwa. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden na msaada wa Sida, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Programu kamili ya kuandikia barua, jedwali na mawasilisho, menyu zote kwa Kiswahili, na unaruhusiwa kumgawia yeyote. Microsoft nayo katika miaka hiyo hiyo ikaja na Kiswahili chake, ila hicho kilikuwa kama koti la kuvalishwa juu ya Windows na Office ambazo ulitakiwa uwe umeshazinunua.

Je, leo ni nani Kwa Mathias anaikumbuka Jambo OpenOffice? Wengine watasema Kiswahili cha kompyuta kiligoma, watu hawataki "kabrasha". Mimi sikubali. Kiswahili kinaendesha redio, mahakama ya mwanzo na meseji za miamala ya simu. Tatizo naliona hapa: mezani palikuwa na Word iliyovunjwa kufuli, kwa bei ile ile ya sifuri, na ndiyo iliyofundishwa kwenye vyuo vya kompyuta vya mtaani. Huria ilinyang'anywa silaha yake kubwa, yaani bei. Ikabaki na hoja ya uhuru, na hoja ya uhuru haimshawishi mtu mwenye haraka ya kuprinti CV.

Kibaha tuna somo jingine kuhusu msaada. Shirika la Elimu Kibaha lilianza 1963 kama mradi wa nchi za Nordic, likakabidhiwa kwa serikali yetu 1970, na mpaka leo lipo na shule zake. Likadumu kwa sababu liliwekewa watu, bajeti na mwenyewe. Programu nayo inataka hayo hayo. Ukitoa toleo moja ukalipigia makofi, bila watu wa kulisasisha, baada ya miaka michache linakuwa gofu. OpenOffice yenyewe ilipata mtikisiko mmiliki alipobadilika mwaka 2010, lakini kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, wajenzi wake wengi walihama nao wakaanzisha LibreOffice. Hiyo ndiyo faida. Mwenye nyumba akikasirika, mnaondoka na nyumba yenu.

MSISEME HAIWEZEKANI

Pale huria ilipowekewa watu, imesimama hapa hapa Tanzania. Takwimu za vituo vya afya zinakwenda wizarani kupitia DHIS2, mfumo huria ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuuingiza nchini. Ulisambazwa nchi nzima kufikia 2013. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora kata zinazokumbwa na mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuitumia. Na hiyo Tecno au Infinix mfukoni mwako ina Android, ambayo kiini chake ni Linux.

Ila tusidanganyane upande wa pili pia. Android hiyo hiyo imefungwa juu yake na programu za Google, na mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa namna ilivyowabana watengenezaji wa simu. Neno "huria" peke yake siyo hirizi. Na mwaka 2024 mtu mmoja alifanikiwa kupenyeza mlango wa siri kwenye xz, programu huria ndogo inayotumika kwenye Linux nyingi. Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi aliyekuwa anafanya kazi Microsoft, baada ya kuona mashine inachelewa kama nusu sekunde. Hoja siyo kwamba huria haina wezi. Hoja ni kwamba mtu wa nje aliweza kufungua na kuona.

Na kero za Linux nazijua. Skana nyingine zinagoma. Ukifungua waraka wa Word wenye majedwali, mistari inaweza kuhama. Mtu wa kadi za harusi aliyezoea Publisher na Photoshop atakutukana. Matangazo ya kazi yanaandika "Microsoft Office", siyo "LibreOffice". Hizi ni sababu za kweli, na anayezidharau hajawahi kusimama nyuma ya kaunta.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye steshenari usihamishe mashine zote sita kwa siku moja. Chukua mbili za intaneti tu, zile za kujazia fomu. Fomu zinajazwa kwenye kivinjari, na Firefox ni ile ile popote. Weka Linux Mint au Ubuntu. Flashi yenye virusi vya Windows ikichomekwa pale, haileti balaa lile la yule binti.

Pili, kwenye mashine zinazobaki na Windows, weka LibreOffice badala ya Office ya kraki. Inakubali Windows vizuri tu. Mashine moja ya kadi na mabango inunulie leseni halali. Moja inalipika.

Tatu, mafundi. Elfu kumi yako hiyo hiyo unaweza kulipwa kwa kuweka Linux na kumfundisha mteja nusu saa. Hutaitwa tena kila mwezi kupiga windo, hilo nakubali, lakini utaitwa kwa kazi zenye heshima zaidi.

Nne, vyuo na shule: fundisheni kuandika waraka na kupanga jedwali, msifundishe kitufe cha kampuni moja. Anayeelewa jedwali hapotei akibadilishiwa programu.

Yule binti hakujua habari ya msimbo wala leseni. Alikuwa na vyeti vyake, siku chache za kuwahi mwisho wa maombi na nauli ya Mlandizi. Watu kama yeye ndio wanaolipa ile bili ya "bure" yetu, na wanailipa bila kupewa risiti.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kama una steshenari na ulijaribu Linux ikakushinda, tuambie ilikushindia wapi. Na wewe fundi unayenuna huko, njoo utetee elfu kumi yako. Nawasilisha.