Munganga anatoa majuma sita, lakini nani anayalipa?

Nilianguka na kinga saa kumi na moja ya asubuhi, nikienda kazini. Giza lilikuwa bado, kando ya njia ya Kapata kulikuwa mchanga, na kamiyo iliyonipita ilikuwa imefunika njia yote na vumbi. Gurudumu la mbele liliingia mu shimo. Sikupata nafasi ya kutanguliza mikono, niliangukia bega la kuume. Ndani yake kitu kililia sawa kijiti kikavu kinachovunjika.

Mnajua kitu cha kwanza nilichowaza? Si bega. Niliwaza pointage. Nikaamka, nikasukuma kinga na mkono mmoja mpaka ku geti, nikapita, nikafunga koti. Siku nne nzima nilitumika hivyo, mkono umefichwa ndani ya koti, na ndugu mmoja wa ekipe yetu alikuwa ananibebea vitu vizito. Kwa sheferi tulisema ni rhumatisme.

Siku ya tano sikuweza tena kuvaa shati. Mke wangu aliniangalia, akasema: «Papa, ile bega moja iko chini kupita ingine. Hapana kuniambia tena asema ni rhumatisme. Twende.»

Radio ilionyesha mfupa umekatika vipande viwili. Ni ule mwembamba unaotoka kifuani mpaka begani, kwa Kifaransa clavicule. Munganga hakusema mengi: «Majuma sita bila kubeba kintu. Miezi mitatu bila nyundo wala pelo.» Kisha akaandika kartasi, akaita mgonjwa mwingine.

Bandugu wasomaji, mimi sina neno juu ya ule munganga. Alisema kweli. Lakini nilipotoka pale mlangoni nilielewa kitu ambacho bado nawaza mpaka leo: dawa kubwa ya bega ni wakati, na wakati hawauuzi mu farmasi. Kila juma la kupumzika linapashwa kulipwa na mutu. Kama hakuna wa kulipa, mgonjwa anarudi kazini na mfupa wake haujashikana, na bega la majuma sita linakuwa bega la maisha yote. Hiyo njo habari ninayotaka kuongea leo.

Kwanza tujue kazi ambayo ule wakati unafanya. Mfupa uliokatika unajishona wenyewe. Siku za kwanza damu inaganda pale ulipokatika. Kisha inatoka nyama laini, ile laini inageuka ngumu pole pole. Kwa mutu mzima kazi hiyo inaomba majuma sita mpaka kumi na mawili. Ukiinua mfuko wa makala katika juma la tatu, unapasua kile kilichokuwa kinajishona, na hesabu inaanza tena. Ndiyo sababu wanafunga mkono shingoni. Mke wangu alikunja kitenge, akakifunga vizuri, kiko cha mkono kimeinuka kidogo. Usiku nililala nusu nimeketi, mito miwili mgongoni, juu ya kulala chali kuliniuma sana. Na sigara niliambiwa niache, kwani inachelewesha mfupa kushikana.

Lakini kuna kosa la upande mwingine pia. Wengi wetu tukifungwa mkono tunauacha vile miezi miwili, hatuusogezi hata kidogo, tunasema tunaulinda. Bega halipendi hivyo. Likikaa sana bila kusogea linakauka, na kulifungua tena ni maumivu kuliko ya kuanguka. Tangu siku ya kwanza unaweza kukunja na kufungua vidole, kugeuza kifundo cha mkono, na kunyoosha kiko kama munganga anakubali. Kisha, akikuambia ni wakati, unainama kidogo, mkono unaning'inia, unauzungusha pole pole kama ndoo inayoning'inia kwa kamba. Mbele zaidi unasimama karibu ya ukuta, vidole vinapanda ukuta kimoja kimoja. Mimi nilitia alama ya makala ku ukuta wa nyumba yetu kila Jumapili. Batoto walikuwa wanachungulia kama papa amepita alama ya juma lililopita. Kuinua mkono kupita bega, na kubeba, vinakuja mwishoni kabisa.

Sasa, kuna wanaosema: mambo hayo yote ya radio ni ya nini, kuna mzee fulani anavuta mkono na unarudi palepale. Mimi siwachekeshi wazee wetu. Wamefunga mifupa ya watu tangu zamani, kwa miti na kwa kamba. Lakini bega lina hatari yake. Kama limetoka mahali pake na wanalivuta kwa nguvu bila kujua kama mfupa umevunjika, mshipa unaopita pale unaweza kuumia, na mkono unabaki bila nguvu. Kwa hiyo radio itangulie. Na kuna alama ambazo hazingoji hata kesho: vidole vinakufa ganzi, mkono unakuwa baridi au mweupe, mfupa unasukuma ngozi, pumzi inakuwa fupi, ama mutu alipiga kichwa akapoteza akili hata kidogo. Hapo ni hospitali ile saa.

Narudi kwa ule swali: nani analipa majuma sita?

Kwa mwenye mkataba, sheria imejibu, na wengi kati yetu hatujui. Sheria n° 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, inayopanga mambo ya sécurité sociale mu inchi yetu, inahesabu ajali ya njiani kuwa ajali ya kazi: ukiumia ukitoka nyumbani kwenda kazini, ama ukirudi, bila kupinda kwa mambo yako mwenyewe. Haisemi asema ni mwenye motokari tu. Mwenye kinga na mwenye miguu wamo pia. Mwajiri anapashwa kuitangaza ile ajali kwa CNSS, na kutoka hapo kuna haki ya matunzo na ya pesa kwa siku ambazo hautumike. Na Kanuni ya kazi ya mwaka 2002 inasema kuvunjika ama kuugua kunasimamisha mkataba. Si sababu ya kukufukuza siku ileile.

Mimi ile haki niliipoteza, na niliipoteza mwenyewe nusu. Nilipoleta kartasi ya munganga, siku ya tano, niliulizwa: «Kama ulianguka njiani siku ya kwanza, juu ya nini ulipointa siku nne? Nani aliona? Labda ulianguka Jumapili ku mupira.» Sikuwa na jibu. Rhumatisme yangu ya uongo ilikuwa imeandikwa mu daftari la infirmier. Ile kampani ndogo tuliyokuwa tunatumikia, moja ya zile zinazopewa kazi na kampani kubwa, haikutangaza kitu. Nusu ingine ya kosa ni yao. Mutu haficho mfupa uliovunjika kwa kupenda. Anaficha kwa sababu ameona wenzake: ule aliyeumia mwezi uliopita, leo jina lake halimo tena mu listi.

Hapo njo naomba niseme wazi kwa bakubwa ba kazi. Mahali ambapo mtumishi anaogopa kusema ameumia, daftari la ajali litakuwa safi, na mtatupongeza kwa siku nyingi bila ajali. Lakini zile siku si bila ajali, ni siku bila kusema. Na mtu anayeshika mashini na bega moja anaweza kuua mwenzake. Kumpa majuma sita ni bei ndogo kuliko hiyo. Tena, kuna kazi za mkono mmoja: kuhesabu vifaa, kukaa ku geti, kuandika. Mgonjwa wa bega anaweza kuzifanya baada ya majuma machache, kama munganga anakubali. Si lazima iwe nyundo ama kufukuzwa.

Na ba creuseur? Wao hawana mkataba, hawana geti, wala CNSS yao. Ule anayetoka ku shimo na mfuko unaopita kilo 50 mgongoni, ama anayeusukuma juu ya kinga mpaka kwa mnunuzi, akivunjika bega leo, leo hii sahani yake imekauka. Kwake sheria iko mbali. Karibu kuna ekipe yake. Na hapa nina neno kwa ekipe. Mkigawa pesa, mnajua kuhesabu sehemu ya mwenye shimo, ya mwenye kupampu maji, ya mwenye kusafisha. Juu ya nini hakuna sehemu ya aliyeumia? Sisemi yote. Kitu kidogo kinachotolewa kila mara mnapouza, kinawekwa kwa mutu mmoja mwaminifu, na mbele ya kuanza wote wanakubaliana: aliyevunjika anakula juu ya hiki mpaka munganga amfungue. Mama zetu wanafanya likelemba tangu zamani, tena bila kartasi, na inasimama. Wanaume wa shimo watashindwa nini?

Wengine watanijibu: pesa ya shimo haina hakika, juma moja inakuja, majuma matatu hapana. Ni kweli, na ndiyo sababu ninasema kila mara mnapouza, si kila juma. Wengine watasema: ukiweka pesa ya wagonjwa, wavivu watajitia ugonjwa. Mbona radio haidanganyi? Mfupa uliokatika unaonekana.

Neno la mwisho ni kwa wanaobaki nyumbani. Mimi nilikula majuma sita na mengine juu yake kwa jasho la mke wangu, aliyeongeza meza ya maandazi asubuhi juu ya ile ya mboga ya mangaribi. Tuliuzisha pia kinga. Ile iliyoniangusha njo ilitulisha siku kumi na mbili. Mu juma la nne maumivu yalikuwa yamepungua, na nilisema naenda kutafuta kibarua cha kupakia kamiyo. Mke wangu alifunga mlango, akasema: «Maumivu kuisha si mufupa kushikana.» Alikuwa na haki. Maumivu yanatoka mbele ya mfupa kuwa tayari, na pale njo wanaume wengi wanaharibika. Mama, ukiona mume wako anaanza kusema amepona mu juma la nne, usimsifu kuwa ni mwanaume. Mfungie mlango.

Leo bega langu linapanda ukuta mpaka juu. Limebaki fupi kidogo kuliko lingine, na siku za baridi ya mwezi wa sita linanikumbusha. Nimepata kazi mahali pengine, ninaenda kwa miguu. Lakini kila asubuhi ninaona vijana wanapita na kinga mu giza, bila taa, kati ya makamiyo.

Kwenu ninasema hivi. Ukianguka, simama kwanza, angalia vidole vyako. Kisha tafuta mutu mmoja aliyeona na ushike jina lake. Sema kazini siku ileile, mbele ya kupointa, na uombe iandikwe. Usiite mfupa uliovunjika rhumatisme. Majuma sita yatalipwa na mutu tu. Ukinyamaza, mwenye kulipa ni mke wako na bega lako.