Waroma wa zamani katika kalasi: mchezo ao masomo?



Kuna maneno yanayozunguka kati ya wazazi na walimu, nasi tumechoka kuyanyamazia. Yanasema hivi: mwalimu anayewagawanya wanafunzi makundi-makundi ili wajifunze habari za Waroma wa zamani, huyo ni mvivu. Amechoka kufundisha, basi anawaacha watoto wacheze. Mwalimu wa kweli anasimama mbele ya ubao na kuandika. Watoto wananakili katika kaye zao, wanashika kwa kichwa, na siku ya mtihani wanarudisha yote waliyopewa. Sisi tulisoma hivyo, wanasema, na tazameni, tumekuwa watu.

Mmekuwa watu, ndiyo. Lakini mmeshika nini cha Waroma? Siku moja tuliwauliza watu wazima waliopita zamani katika Latin-Philo. Wakakumbuka rosa, rosae. Wakakumbuka mbwa-mwitu aliyewanyonyesha Romulus na ndugu yake. Wakakumbuka kwamba Caesar aliuawa kwa visu. Tukauliza: nani alichimba zile barabara? Nani alilipa kodi, na nani aliikusanya? Nani alikuwa na sauti katika mji, na nani alinyamazishwa? Hapo mabwana wakakohoa, mmoja akatazama saa yake.

Hatuwacheki. Walipewa majina ya wakubwa, wakayashika majina ya wakubwa. Mtoto anayenakili ubaoni habari za Roma huona Roma toka juu, kama mtu aliyeketi barazani kwa Kaisari, na hakuna anayemwambia kwamba watu wengi sana wa dola ile hawakukanyaga baraza hilo maisha yao yote. Anajifunza kumsifu aliyeshinda, kwa sababu alishinda. Je, hilo ndilo somo tunalowalipia watoto wetu karo?

Chukueni jambo moja tu, kupiga kura. Kitabu kinasema Waroma walichagua wakubwa wao kwa kura. Mwalimu anaandika, watoto wananakili, na wote wanaamini kwamba kule Roma kila raia alikuwa na sauti sawa na mwenzake. Sasa tazameni kazi ya makundi. Kalasi ina watoto 60. Mwalimu anawaeleza kwamba katika lile baraza lililochagua makonsuli watu hawakuhesabiwa mmoja mmoja. Walihesabiwa kwa vikosi. Vikosi vilikuwa 193, na kila kikosi kilikuwa na kura moja. Basi anakata vikartasi 193. Watoto 12 wanakaa mbele: hao ndio wapanda farasi pamoja na matajiri wa daraja la kwanza, wanapewa vikartasi 98. Watoto 28 wanakaa katikati: ni watu wa madaraja manne yanayofuata, pamoja na mafundi na wapiga baragumu, wanapewa 94. Watoto 20 wanaobaki wanakwenda nyuma, karibu na mlango. Hao ni watu wasio na mali yo yote isipokuwa watoto waliowazaa, ndiyo sababu Waroma waliwaita proletarii. Wote 20 wanapewa kikartasi kimoja.

Kisha uchaguzi unaanza. Wanaitwa kwanza wa mbele. Wa mbele wakipatana, wana 98, na wengine wote pamoja wana 95. Nusu imepita. Kazi imekwisha, watu waende nyumbani.

Tulikuwa tumekaa katika kalasi moja siku kazi hiyo ilipofanywa. Kule nyuma kijana mmoja akasimama, akapunga kile kikartasi chao: « Bwana mwalimu, sisi bado hatujaitwa! » Mwalimu akamjibu: « Wala hamtaitwa. » Pakawa kimya. Halafu kukawa makelele ambayo yalimleta mkubwa wa shule mlangoni. Wale wa nyuma walisema huo ni wizi. Msichana mmoja wa mbele akasimama kutetea kundi lake: sisi ndio tunaojinunulia silaha, sisi ndio tunaosimama mbele vitani, mnataka asiye na ngao atuamulie vita? Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Lakini ndivyo Waroma wenyewe walivyofikiri: mwenye mali alibeba silaha nzito, kwa hiyo kura nzito ilikuwa yake. Wa nyuma wakasema: basi, mpigane peke yenu! Wakatoka nje, wakaenda kukaa chini ya mwembe.

Mwalimu hakuwafokea. Alimaliza kucheka, akawafuata mwembeni na kitabu mkononi, akawasomea pale pale namna ilivyosimuliwa kwamba katika mwaka wa 494 mbele ya Kristu watu wadogo wa Roma walitoka mjini, wakapanda kilimani, wakakataa kwenda vitani mpaka walipopewa watetezi wao, wale walioitwa matribuni. Mtuambie, ninyi mnaosema huu ni mchezo: ni kaye gani ingemfikisha mtoto chini ya mwembe ule?

Lakini tusiwapige walimu wa ubao peke yao. Kuna fimbo ya upande wa pili pia. Kuna walimu waliosikia kwamba kazi ya makundi ni nzuri, wakadhani kazi ya makundi ni mashuka. Watoto wanaambiwa: kesho kila mmoja alete shuka la kitanda. Kesho yake kalasi nzima imejifunga mashuka, wanapiga makelele « Ave Caesar », picha inapigwa, wazazi wanafurahi, na mama mmoja anafua shuka lake akinung’unika. Walijifunza nini? Walijifunza uwongo. Maana toga haikuwa nguo ya kila mtu. Ilikuwa nguo ya raia wa Roma. Mtumwa hakuwa na ruhusa kuivaa, wala mgeni. Na hata raia mwenyewe, kama alikuwa na jembe ao nyundo mkononi, alivaa kanzu fupi, kwa kuwa hakuna mtu anayelima amejiviringishia kitambaa cha sufu cha mita nyingi. Kalasi iliyojaa toga ni Roma isiyo na watumwa, isiyo na wakulima, isiyo na wageni. Roma ya namna hiyo haikuwa duniani hata siku moja.

Na kuna ubaya kupita huo. Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tuliona mwalimu akigawa kazi za mchezo huo. Ukaisari alimpa mtoto wa mtu mkubwa. Usenata aliwapa wenye viatu vizuri. Kazi ya mtumwa wa kubeba maji alimpa binti mmoja aliyekuwa na deni la karo. Saa nzima binti huyo alibeba maji, wenzake wakimwita kwa vidole. Sisi tunasema binti huyo hakucheza utumwa. Alitumikishwa tu, mbele ya watu, ndani ya shule ya Kikristu, na kalasi ikafundishwa kwamba mambo yako sawasawa yalivyo.

Dawa yake ni nyepesi, na Waroma wenyewe wanaitoa: kura ya bahati. Konsuli na pretori hawakujichagulia jimbo la kutawala. Kwa desturi walipiga bahati. Basi mwalimu aweke majina katika kofia. Mtoto wa mkubwa akitoa « mtumwa », atakuwa mtumwa mpaka kengele ilie, na wiki ijayo watabadilishana. Tena mtumwa asipewe kazi ya kubeba tu. Apewe neno. Aeleze alitoka wapi, alikamatwa katika vita gani, aliuzwa namna gani, na anafikiri nini akisikia habari za Spartacus, aliyeongoza watumwa kupigana na majeshi ya Roma toka mwaka wa 73 hata 71 mbele ya Kristu. Wenzake Spartacus kama 6.000 walisulubiwa kando ya barabara, toka Capua hata Roma. Barabara hiyo ni Via Appia, ile inayosifiwa katika kila kitabu kwa uzuri wa mawe yake.

Kwa wasomaji wetu walio wakatekista tutaongeza kazi moja tunayoipenda kupita zote. Karibu na mwaka wa 112, liwali Plinius alitawala jimbo la Bithynia na Pontus, katika nchi inayoitwa sasa Uturuki. Wakristu wakaletwa mbele yake. Hakujua afanye nini nao. Watu walileta majina, na ikafika barua yenye orodha ndefu isiyo na sahihi ya mwandishi. (Kwetu barua za namna hiyo hazijapungua, kila parokia inazijua.) Wengine walikana, wengine walisema waliwahi kuwa Wakristu lakini waliacha. Liwali akawatesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa na huduma katika jamaa ya Wakristu, ili apate ukweli, na hakuona uovu wo wote ila dini ambayo yeye aliidharau. Ndipo akamwandikia Kaisari Traianus kuomba shauri.

Hapo mwalimu anafunga kitabu. Kalasi inagawanyika watano-watano, kila kundi ni baraza la Kaisari, na kila kundi liandike jibu lake kwa mistari kumi. Akisha kukusanya majibu, ndipo asome jibu la Traianus: Wakristu wasitafutwe; wakishitakiwa na kuhakikishwa, waadhibiwe; anayekana na kuabudu miungu yetu asamehewe; barua zisizo na jina zisipokelewe. Tumeona watoto wa miaka 15 wakiruka vitini: kama ni wabaya, mbona wasitafutwe? Na kama si wabaya, mbona waadhibiwe? Hawakujua kwamba Tertullianus wa Carthago, Mwafrika, aliishambulia hukumu hiyo kwa hoja ile ile. Hebu mwalimu awaambie sasa jina la Tertullianus, halafu mtihanini tuone nani atalisahau.

Wengine wanatuuliza: Waroma wa nini kwa watoto wa Kongo? Tuwafundishe mambo yetu. Tunakubali, tuwafundishe mambo yetu kwanza. Lakini Carthago iko Afrika. Watakatifu 12 wa Scillium walihukumiwa huko mwaka wa 180, na Perpetua, mama kijana wa jamaa nzuri, aliuawa mwaka wa 203 pamoja na Felicitas, mtumwa aliyekuwa amezaa gerezani. Kaisari Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Mwana wake Caracalla ndiye aliyetangaza mwaka wa 212 kwamba karibu watu huru wote wa dola ni raia wa Roma. Mbele yake uraia huo ulitamaniwa sana: katika Matendo ya Mitume, yule mkubwa wa askari anamwambia Paulo kwamba yeye aliupata kwa fedha nyingi, na Paulo anamjibu kwamba yeye alizaliwa nao.

Na sisi hatukujua jambo hilo? Wazee wachache waliobaki wanakumbuka « carte du mérite civique » ya mwaka wa 1948, na « immatriculation » ya mwaka wa 1952, wakati Wabelgiji walipochunguza maisha ya mtu na nyumba yake mbele ya kumhesabu kuwa mstaarabu. Kundi moja la wanafunzi lisome Matendo, kundi lingine liende kumwuliza babu, halafu makundi mawili yasimuliane. Na yasimuliane upesi, kwa maana wazee wale hawatatungoja sana.

Inabaki hoja ya mtihani. Wazazi wanasema Examen d’Etat, tunayoijua tangu mwaka wa 1967, haiulizi nani alikaa mwembeni. Kweli. Lakini mtoto aliyekaa nyuma na kikartasi kimoja hatahitaji kukesha usiku ili ashike hesabu ya 98 na 95. Ameibeba ndani ya hasira yake. Wala hatusemi kaye itupwe. Kazi ikiisha, watoto waketi, waandike, mwalimu asahihishe. Bila hivyo makelele yanabaki makelele.

Tunajua pia kwamba katika makundi wako wavivu wanaojificha nyuma ya wenzao. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli, lakini katika kundi la watoto wanane mara nyingi vidole viwili vinatafuta chawa na sita vinalala. Basi msemaji wa kundi asijulikane mapema. Mwisho wa kazi mwalimu aite jina lo lote toka kofiani. Atakayeitwa ndiye atakayejibu kwa niaba ya wote. Siku ya kwanza wataaibika wengi. Siku ya pili hakuna atakayelala.

Na ninyi mnaosema mwalimu huyu ni mvivu, njoni mmwone jioni, akiwa na taa yake, akikata vikartasi, akipima nani akae wapi, akisoma kurasa ishirini ili aseme maneno kumi. Kuandika ubaoni yale yaliyoandikwa ubaoni mwaka jana ni kazi nyepesi kupita hiyo. Vikartasi 193 vinatoka katika kaye moja ya zamani. Mwalimu asiye na kaye ya zamani aje kwetu parokiani, tutampa.