Hekima ya Charron si Mlango wa Ukafiri

Wapo wasomi wanaodhani kwamba anayesifu wema wa kibinadamu amekwisha kumnyang'anya Mungu nafasi yake. Pierre Charron, padri Mfaransa, anabeba mzigo wa dhana hiyo kwa zaidi ya karne nne.

Kitabu chake De la sagesse, yaani Juu ya Hekima, kilitoka Bordeaux mwaka 1601. Humo anatenga hekima tatu: ya kidunia, ya kibinadamu na ya kimungu. Anaifafanua ile ya pili: mtu ajijue, azitawale tamaa zake, asihukumu kwa haraka, atende haki hata pasipo tishio la jehanamu. Mwaka 1605 Roma ilikipiga marufuku. Mwaka 1623 Mjesuiti François Garasse alimshambulia Charron kama mwalimu wa wasioamini. Mwaka 1958 mtaalamu Eugene Rice, bila kumlaumu, naye alimwona kuwa kilele cha safari ya kuitenga hekima na neema.

Nawauliza: mbona Les Trois Vérités ya mwaka 1593 imewekwa kando? Humo padri huyohuyo anatetea kuwapo kwa Mungu, ukweli wa Ukristo na ukweli wa Kanisa Katoliki. Richard Popkin alivisoma vitabu hivyo pamoja, akaona kwamba shaka ya Charron inasafisha shamba ili imani ipandwe. Huo ndio usomaji wa haki.

Tena, tukumbuke nyakati zake. Kuanzia 1562 hadi 1598 Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walichinjana, kila upande ukimtaja Kristo. Charron aliona uchaji usio na uadilifu unavyozaa ukatili. Alipodai kwamba uadilifu usiwe kibarua cha hofu, aliwakemea waamini. Hakuwafungulia mlango watoke.

Nakiri kwamba daraja kati ya maumbile na neema hakulijenga imara, na anayemkosoa hapo anamkosoa kwa haki. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kufundisha kwamba neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Basi pasipo maumbile yaliyonyooshwa, neema itakamilisha nini?

Na anayetenda haki kwa kuogopa fimbo tu, siku fimbo ikiondolewa atatenda nini?